Mafunzo ya Majaribio ya Kitabibu Mtwara: Yanamjenga Mtumishi, Hayajengi Kituo

Kwa muda mrefu mtumishi wa afya wa Mtwara au Lindi aliyetaka cheti cha Utendaji Bora wa Majaribio ya Kitabibu, yaani cha kanuni za kujaribu dawa na chanjo kwa watu, ambacho wengi tunakifahamu kwa kifupi chake cha GCP, alikuwa na njia mbili tu: kupanda basi kwenda Dar es Salaam, au kukaa mbele ya kompyuta akisoma masomo ya mtandaoni yaliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu, kisha kubonyeza majibu hadi cheti kitoke. Ndiyo maana tangazo la mafunzo ya ana kwa ana, kwa Kiswahili, tena hapa hapa Mtwara mjini, lilipopita kwenye makundi yetu ya WhatsApp, watu wa kada mbalimbali walijiandikisha: matabibu, wauguzi, wataalamu wa maabara, wafamasia, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliodhaminiwa na halmashauri zao. Nilihudhuria nikiwa tabibu wa kituo cha afya, ada nikajilipia mwenyewe, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wanaojiuliza kama fedha hiyo inastahili kutolewa. Taasisi iliyoyaendesha sitaitaja, kwa kuwa ziko kadhaa zinazotoa mafunzo ya aina hii kwa mtaala unaofanana, na mengi nitakayoyasema yanazigusa zote.

Kwanza ieleweke kwamba watu wa kusini si wageni wa utafiti. Katikati ya miaka ya 2000, wilaya za Lindi Vijijini, Ruangwa, Nachingwea, Newala na Tandahimba zilishiriki katika utafiti mkubwa wa Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake, ambapo watoto wachanga walipewa dawa ya SP ya kukinga malaria wakati ule ule walipopelekwa kliniki kuchanjwa. Na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo itumike katika nchi za Afrika zenye mazingira yanayofaa. Baadaye kata 132 za wilaya sita za mikoa yetu miwili ziligawanywa kwa bahati nasibu ili kupima kama ziara za wahudumu wa kujitolea nyumbani kwa wajawazito na wazazi zingepunguza vifo vya watoto wachanga. Vifo havikuonekana kupungua, ingawa baadhi ya taratibu za uzazi na malezi ziliboreka. Nilifurahi kwamba mwezeshaji aliufundisha utafiti huu wa pili kwa heshima ile ile aliyoupa wa kwanza, akatueleza kuwa jibu la kwamba jambo halikuokoa maisha kama ilivyotarajiwa ni jibu kamili, na kwamba kulificha kungeigharimu nchi fedha na muda katika kurudia jambo hilo hilo.

Hata hivyo majaribio ya chanjo na dawa mpya, yale yanayohitaji maabara ya uhakika, hifadhi ya sampuli na daktari wa zamu usiku na mchana, yamefanyika kwingine. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009 na kuwahusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, kwa Tanzania lilifanyika Bagamoyo na Korogwe. Chanjo nyingine ya malaria, R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2023, nayo ilijaribiwa Bagamoyo. Mafunzo haya yalitangazwa kama hatua ya kuiandaa kanda ya kusini ili nayo ipokee majaribio ya kiwango hicho, na ni kwa ahadi hiyo ninayapima.

Sehemu iliyonifanya niamini kwamba ada yangu haikupotea ilikuwa somo la ridhaa. Badala ya kutusomea masharti, mwezeshaji alimkalisha muuguzi mmoja mbele awe mtafiti, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kutoka Tandahimba awe mama wa mtoto, kisha akawaacha wazungumze mbele yetu. Muuguzi alieleza vizuri kabisa hadi alipofika kwenye damu, akasema "tutachukua mililita tano", na yule mama akanyamaza. Kila mtu ukumbini alielewa ukimya ule ulikotoka, kwa sababu hakuna mhudumu wa huku ambaye hajawahi kukutana na uvumi wa mumiani pale timu ya utafiti inapoingia kijijini na mabomba ya sindano na masanduku ya baridi. Mwezeshaji akaomba kijiko cha chai kutoka kwa wahudumu wa chakula, akakijaza maji aliyoyatia rangi nyekundu, akakipitisha meza hadi meza. Mililita tano ni kijiko kimoja. Akatutaka tangu siku hiyo tusitaje kipimo cha damu bila kukionesha, tuseme damu hiyo inakwenda wapi, nani ataipima, itatunzwa kwa muda gani, na kama itasafirishwa nje ya nchi tuseme hivyo waziwazi, kwa kuwa usafirishaji huo una mkataba na kibali chake maalumu.

Vivyo hivyo alipofika kwenye kundi la ulinganisho, yaani washiriki wasiopewa dawa inayojaribiwa, jambo ambalo huwasumbua sana wazazi kwa sababu linasikika kana kwamba mtoto wao ananyimwa dawa, aliacha picha za kwenye ukuta akatumia mikorosho. Watu wa hapa wanakijua kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, na wanajua kwamba ili kujua kama salfa fulani inazuia ugonjwa wa mikorosho wa ubwiriunga, huwezi kuipuliza shamba zima. Lazima ibaki mistari inayopata salfa ya kawaida, na mistari hiyo isichaguliwe na mtu anayependelea upande mmoja. Baada ya hapo akaongeza tofauti iliyo muhimu: mti hauulizwi, mtu anaulizwa, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza huduma aliyostahili kuipata kituoni. Nimeyatumia maelezo hayo kwa wagonjwa wangu katika mambo yasiyohusu utafiti, na yanaeleweka.

Mjadala mzito kuliko yote ulizuka hapo hapo. Mkunga mmoja mwenye miaka mingi kazini alisema kwamba fomu tuliyokuwa tukifanyia mazoezi ilikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi au mlezi, na kisheria hilo ni sawa, lakini kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, ambao kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Mama anasaini asubuhi, jioni mjomba anauliza ni nani aliyeruhusu mtoto atolewe damu, na kesho yake mtoto harudi kwenye hudhurio. Wengine walipendekeza fomu ipelekwe nyumbani ikalale usiku mmoja kabla ya kusainiwa. Wengine wakahofia kwamba kwa kufanya hivyo tunaikabidhi haki ya mama kwa mtu mwingine, na mama aliyetaka mtoto wake ashiriki atanyamazishwa. Mimi naegemea upande wa fomu kulala nyumbani, mradi sahihi ibaki kuwa ya mzazi na aulizwe akiwa peke yake, kwa sababu ridhaa iliyotolewa kwa haraka ndiyo inayovunjika kwa haraka. Mwezeshaji alisikiliza kwa makini, kisha akasema kuwa suala la namna hiyo huamuliwa na kamati ya maadili inayopitia itifaki, yaani mpango wa maandishi wa utafiti. Jibu hilo ni sahihi, nami nitalirudia chini, kwa kuwa ndipo mafunzo yalipopungukiwa.

Somo la kumbukumbu nalo lilikuwa zuri. Tulipewa nakala ya ukurasa uliofanana na wa kitabu cha MTUHA, yaani cha kumbukumbu za huduma kituoni, wenye makosa tunayoyafanya kila siku: tarakimu iliyoandikwa juu ya nyingine, uzito wa mtoto uliofutwa kwa wino mweupe, tarehe iliyojazwa baadaye kwa kalamu tofauti. Tulitakiwa kusahihisha kwa utaratibu wa majaribio, yaani kupiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, kuandika lililo sahihi pembeni, kutia herufi za jina na tarehe. Kila taarifa ijulikane imeandikwa na nani, isomeke, iandikwe wakati tukio linapotokea, iwe ya awali na iwe sahihi. Lingekuwa jambo jema sana kama wilaya zingeichukua nidhamu hii kwa huduma za kawaida, hata kama hakuna utafiti wowote utakaokuja.

Kuhusu usalama wa washiriki, mfano uliotukaa akilini ulikuwa wa mtoto aliye kwenye jaribio la chanjo ambaye anaanguka kutoka juu ya mkorosho, anavunjika mguu na kulazwa hospitali ya Ndanda. Wengi tulisema tukio hilo halina uhusiano na chanjo, kwa hiyo halihitaji kuripotiwa kama tukio zito. Linahitaji. Kulazwa hospitalini peke yake kunatosha kulifanya tukio liitwe zito, na mfadhili wa jaribio kwa kawaida hutaka taarifa ndani ya saa 24. Swali la kama chanjo imehusika linakuja baadaye na lina wenye kulijibu. Kwa madhara yasiyotarajiwa yanayoshukiwa kusababishwa na dawa, mwongozo wa kimataifa unatoa siku 7 kwa mamlaka ya udhibiti kupewa taarifa pale yanapoua au kuhatarisha maisha, na siku 15 kwa madhara mazito mengine.

Nikija kwenye upungufu, naanza na jambo dogo. Vitini vilinukuu toleo la 2016 la mwongozo wa ICH E6, ambao ndio mwongozo wa kimataifa wa GCP, ilhali toleo la tatu limekwisha kupitishwa tangu Januari 2025, na linabadilisha kwa kiasi kikubwa namna ya kufikiri kuhusu ubora, kwa kuutaka mradi uweke nguvu zake pale penye hatari kwa mshiriki na kwa ukweli wa matokeo. Anayelipia mafunzo anastahili kupewa mwongozo unaotumika sasa.

Upungufu mkubwa zaidi ulikuwa katika somo la miundombinu. Lilifundishwa kwa picha za projekta zilizopigwa kwenye vituo vya mbali, vyenye friza za nyuzi 80 chini ya sifuri zilizopangwa mstari mmoja na jenereta inayowaka yenyewe umeme unapokatika. Tuliambiwa kwamba kituo kinapaswa kuwa na "umeme wa uhakika", na somo likasonga mbele. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi, mikoa ambayo kwa miaka mingi imetegemea mitambo ya gesi ya Mtwara bila kuunganishwa na gridi ya Taifa, maneno hayo matatu ndiyo yaliyopaswa kuwa somo zima. Friza ikizimika usiku wa manane, nani anapigiwa simu? Sampuli zinahamishiwa wapi? Mafuta ya jenereta yamo kwenye bajeti ya mradi au ya hospitali, na mradi ukimalizika nani atayanunua? Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika maeneo ya Kilwa, sampuli yoyote iliyokuwa ikipelekwa kwa njia ya barabara isingepita, na chanjo inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 haingoji madaraja yatengenezwe. Mpango wa majaribio wa kanda hii usiokuwa na ukurasa kuhusu mvua za masika haujaandikwa kwa ajili ya kanda hii.

Tuliomba tupelekwe walau kwa saa chache kwenye maabara ya hospitali, iwe Ligula au hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mitengo, tuone jokofu halisi, tusome daftari lake la joto na kuhesabu pengo lililopo kati ya tulichonacho na kinachotakiwa. Haikuwezekana, tukaambiwa ratiba ilikuwa imebana. Naisihi taasisi ipunguze saa za historia ya maadili, ambazo zilikuwa nyingi, na iweke ziara hiyo mahali pake. Mtaalamu wa maabara aliyekaa jirani nami aliondoka akiwa na cheti, lakini hakupewa nafasi hata moja ya kushika kifaa.

Suala la rasilimali watu lilipita juu juu, nami sitalirefusha sana, ila jambo moja lisemwe. Kufundisha watumishi bila kuzungumza na waajiri wao kunaleta matokeo mawili. Ama mtumishi anarudi zahanati yenye muuguzi mmoja, ambako siku ya chanjo foleni ya akina mama haimruhusu kukaa saa nzima na mshiriki mmoja akimweleza fomu. Ama mradi unakuja, unamwajiri muuguzi huyo bora kwa mkataba, na zahanati inabaki bila mtu. Wanakijiji wanaoombwa kushiriki utafiti ndio wale wale wanaopoteza muuguzi wao, na hiyo ni hoja ya maadili sawa na hoja ya ridhaa. Waganga wakuu wa wilaya wangealikwa hata kwa kikao kimoja cha kufungia mafunzo, ili wajadili nafasi za waratibu wa utafiti, makarani wa takwimu na wafamasia wanaotunza dawa za majaribio, na namna mradi utakavyofidia mtumishi unayemchukua.

Sasa nirudi kwa mjomba. Tanzania ina mfumo wa udhibiti wenye nguvu kwa upande wa juu. Itifaki ya jaribio la dawa hupita kamati ya maadili ya taasisi, kisha Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kisha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa ajili ya kibali cha jaribio la dawa au chanjo. Watafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na kuingia kwenye halmashauri kunahitaji barua za TAMISEMI, mkoa na wilaya. Mamlaka yetu ya dawa, wakati huo ikiitwa TFDA, ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2018 kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, ya kwanza Afrika kufika hapo. Haya yote tulifundishwa vizuri, kwa mchoro unaoeleweka. Jambo ambalo halikufundishwa ni namna mtu wa Newala anavyoweza kukaa upande wa pili wa meza, akawa miongoni mwa wanaoipitia itifaki badala ya kuwa miongoni mwa wanaoitekeleza tu.

Mwongozo wa kimataifa unasema kamati ya maadili iwe na watu wasiopungua watano, angalau mmoja asiwe mwanasayansi, na angalau mmoja asiwe mtu wa taasisi inayofanya utafiti. Nafasi hizo mbili za mwisho ndizo zinazobeba sauti ya jamii. Taasisi zenye kamati zinazojulikana ziko Dar es Salaam, Moshi, Mwanza na Mbeya, na wajumbe wake ni watu makini, lakini swali la mjomba na fomu kulala nyumbani linahitaji mwalimu mstaafu wa Masasi, sheikh wa Mikindani, mama wa Nyangao aliyelea watoto wake huko, mtu atakayesema ndani ya kikao kwamba hudhurio lililopangwa Oktoba litakosa watoto kwa sababu familia zitakuwa mashambani zikiokota korosho. Toleo la Azimio la Helsinki lililopitishwa Oktoba 2024 linataka washiriki na jamii zao washirikishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake, na azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani la mwaka 2022 kuhusu majaribio ya kitabibu liliitaka dunia ijenge uwezo wa nchi, ikiwemo wa mapitio ya maadili. Mafunzo yanayokuja Mtwara kwa jina la kuiandaa kanda yanapaswa kuwa na darasa la wajumbe wa kamati.

Sisemi kwamba kamati ya kanda ichukue nafasi ya kamati ya Taifa. Kwa jaribio la dawa hilo halipaswi kutokea, na kamati changa isigeuzwe njia ya mkato kwa mfadhili mwenye haraka. Pia kamati ya jina tu ni hatari kuliko kutokuwa na kamati. Katika wilaya ambako kila mtu anamfahamu mwenzake, mkuu wa idara ambaye mradi utampa gari hawezi kukaa kwenye kikao kinachouamua mradi huo, na mjumbe asiyejua kusoma itifaki atatikisa kichwa kwa kila kitu. Ndiyo sababu nasisitiza mafunzo: jinsi ya kutangaza mgongano wa maslahi na kutoka nje ya chumba, jinsi ya kusoma bima ya washiriki, jinsi ya kuuliza kama dawa ikithibitika kufaa watu wa kijiji hicho wataipata, jinsi ya kuandika sababu za kukataa. Taasisi hii ina wawezeshaji wanaoweza kulifundisha darasa hilo, kwa namna nilivyomwona mmoja wao akiuongoza mjadala wa mjomba bila kumdharau mtu.

Mengine ni machache. Ukumbi ulikuwa na hewa nzuri, chakula kilitosha na kilikuja kwa wakati, vyeti vilitolewa siku ya mwisho bila kuzungushwa. Ada si ndogo kwa muuguzi wa zahanati, hivyo ni vyema kumwomba mwajiri adhamini kabla ya kujilipia. Kumbuka pia kuwa wafadhili wengi hutaka cheti cha GCP kirudiwe kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo uliza mapema kama kuna punguzo la kurudia.

Kwa wauguzi, matabibu, wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nayapendekeza bila kusita, hata kwa asiyetarajia kufanya kazi ya utafiti. Wataalamu wa maabara na wafamasia wangesubiri hadi ziara ya maabara iingizwe kwenye ratiba, na wanapopiga simu kujiandikisha waulize jambo hilo waziwazi, kwa sababu taasisi itaibadili ratiba pale itakapoona wateja wanaitaka. Waganga wafawidhi wenye matumaini ya kukifanya kituo chao kuwa eneo la majaribio waje na mtu wa maabara, mtu wa famasia na fundi wao wa umeme, na wadai somo la miundombinu lifanyike kwa kutumia kituo chao wenyewe kama mfano.

Maoni haya nimeyaandika pia kwenye fomu ya tathmini ya mafunzo, na mratibu aliniahidi kwamba darasa la wajumbe wa kamati litapelekwa kwenye kikao chao cha mipango. Likitangazwa, nitakuwa wa kwanza kuwapelekea taarifa walimu wastaafu na viongozi wa dini ninaowafahamu huku Masasi.